Sharti Linalofundisha, Sharti Linalotoza

Mchezaji anapofungua ukurasa wa vipawa, macho yake huenda kwanza kwenye jina la kipawa, yakaruka hadi kwenye faida, ndipo yakarudi kwenye mstari mfupi ulio katikati: masharti. Mstari huo ndio unaoamua kama mhusika wake atakuwa yule aliyemuwazia au mwingine kabisa. Wabunifu wengi huuandika kwa haraka, kazi nyingine zote zikiisha, ili tu kipawa kikubwa kisimwangukie mhusika mchanga. Mimi naendesha meza ya michezo ya uhusika hapa Makomeno, Lubumbashi, na kadiri tunavyocheza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mstari huo unadai fikra nyingi kuliko kipawa chenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, mambo ni mepesi. Watu wanne au watano wanakaa pamoja. Mmoja ni mwendeshaji: anasimulia dunia, anawachezea maadui na wapita njia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi kwa namba na maneno: nguvu, wepesi, akili, fani, silaha, vipawa. Mhusika akijaribu jambo lenye mashaka, dadu hurushwa. Anayeokoka hukua, yaani hupanda ngazi, na kukua kwake huandikwa kwenye karatasi ileile. Kipawa ni jambo analoweza yeye ambalo wengine hawaliwezi, na sharti ni kile anachotakiwa kuwa nacho kabla ya kuruhusiwa kukiandika.

Msimamo wangu naweza kuueleza kwa swali moja ambalo kila sharti lazima lilijibu: mhusika akilitimiza, amepata nini atakachokitumia siku ya kukitumia kipawa? Kama jibu lipo, sharti hilo linafundisha. Kama halipo, ni kizuizi cha péage kwenye barabara ya Kasumbalesa: unalipa, mti unainuliwa, unapita, na ulicholipa hakikufundishi kuendesha gari.

Tuanzie mwanzo. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka mwaka 1974, ikiwa vijitabu vitatu vidogo ndani ya sanduku. Mwaka 1978 Gygax alichapisha kitabu cha wachezaji cha toleo lililopanuliwa, na humo masharti yalikuwa makali kweli. Chukua fani ya paladini, yule shujaa mtakatifu. Ili uwe paladini ulihitaji nguvu isiyopungua 12, akili 9, busara 13, ustahimilivu 9, na mvuto 17. Sifa hizi zilitokana na dadu. Ukirusha dadu tatu kwa kila sifa na kupokea matokeo kwa mpangilio yalivyokuja, uwezekano wa kufikisha 17 kwenye mvuto peke yake ni 4 katika 216, yaani kama mara moja katika 54. Ukiyaunganisha masharti yote matano, unapata mhusika mmoja katika takribani 1,000. Kitabu cha waendeshaji cha mwaka 1979 kilileta njia za huruma zaidi, kama kurusha dadu nne na kuiacha iliyo ndogo, lakini fikra ilibaki ileile: paladini huzaliwa, hatengenezwi.

Sharti la namna hiyo lina maana yake, na sisi Wakatanga hatuna haja ya kulisoma ng'ambo ili tulielewe. Kwa Waluba, bulopwe, ule utakatifu wa ufalme, ulikuwa katika damu. Masimulizi yanaurudisha kwa Mbidi Kiluwe, mwindaji mwana wa wafalme aliyetoka mashariki, na kwa mwanawe Kalala Ilunga, aliyemshinda Nkongolo Mwamba mkatili na kuanzisha enzi mpya. Ukitoka nje ya mstari huo wa damu, hukuwa na njia ya kuingia, hata ungekuwa na mkono mzito kiasi gani. Hadithi za aina hii zinapendeza kwa sababu hazigawi sawa. Mchezo unaotaka kusimulia ukoo, majaliwa na mteule una haki ya kuweka sharti la kuzaliwa.

Ugumu unakuja mezani. Sharti la kuzaliwa halimpi mchezaji lolote la kufanya. Limekwisha kabla mchezo haujaanza. Dadu zimeanguka, umepata au umekosa. Kwa hiyo nalikubali kwenye mlango wa fani tu, pale mhusika anapoumbwa, na hata hapo nalikubali kwa shingo upande. Likitokea katikati ya safari, mhusika akiwa ngazi ya 8 anaambiwa hawezi kujifunza jambo kwa sababu ya dadu aliyoirusha miezi mingi nyuma, hapo mchezo unamwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakulichagua wala hawezi kulirekebisha.

Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, kazi ya Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, lilijaribu kutoka hapo. Lilileta vipaji: uwezo mdogo mdogo ambao mhusika wa fani yoyote angeweza kuuchagua kadiri anavyopanda ngazi, na vingi vilifungwa kwa minyororo, kipaji hiki kikidai kile, kile kikidai kingine. Ndipo mchezo ulipohama kutoka kwenye sharti la kuzaliwa kwenda kwenye sharti la njia. Naliheshimu sana toleo hilo kwa uamuzi huo. Na ni humohumo ninamopata mfano bora na mfano mbovu kuliko yote ninayoijua, ikiwa imetenganishwa na kurasa chache.

Mfano bora ni mnyororo wa mapigo mazito. Ukiwa na nguvu 13 unaweza kujifunza kupiga kwa uzito wote, ukitoa sadaka usahihi ili upate madhara makubwa. Ukishajua hilo, unaweza kujifunza kuufuatiliza upanga: adui akianguka, pigo linaendelea na kumpata aliye jirani. Baadaye, ukiwa mpiganaji aliyekomaa, pigo linaweza kuendelea kutoka adui hadi adui bila kikomo mradi kila mmoja anaanguka. Uliza swali letu. Kupiga kwa uzito kunamwangusha adui haraka zaidi, na kumwangusha adui ndiko kunakoamsha hatua inayofuata. Kila kipande kinakilisha kipande cha mbele. Mchezaji ambaye hajasoma nadharia yoyote ya ubunifu huuhisi mnyororo huu mkononi.

Mfano mbovu ni pigo la kuzunguka: mpiganaji anajigeuza na kumpiga kila adui aliye karibu naye, pigo moja kwa kila mmoja. Picha yake ni nzuri mno, na kila mchezaji mpya huitaka. Sasa tazama masharti: wepesi 13, akili 13, kipaji cha kukwepa, kipaji cha kupita katikati ya maadui bila kuumizwa kirahisi, kipaji cha kupigana kwa hadhari, kipaji cha kupiga huku ukikimbia, na uzoefu wa vita usiopungua nne. Mpiganaji wa kibinadamu, ambaye ndiye hupata vipaji vingi kuliko wote, hawezi kukifikia kabla ya ngazi ya 6, na ili akifikie wakati huo lazima awe ameanza kukusanya mapema.

Wingi huo ningeuvumilia. Kinachonikera kiko ndani. Pigo la kuzunguka linadai zamu yako yote: usimame mahali pamoja na kupiga. Lakini vipaji viwili kati ya vile ulivyolazimishwa kuvinunua vinafundisha kuhama, kupita katikati ya watu, kukimbia, kupiga na kuondoka. Siku unapokitumia kipawa ulichokililia, mafunzo hayo yanalala. Umefundishwa mwendo ili usimame.

Mezani kwetu hoja hii haikuletwa na mimi. Ililetwa na binti mmoja anayesomea uhandisi, ambaye mhusika wake, Ngoie, ni mlinzi wa msafara anayepigana kwa mkuki. Tulikuwa barazani, msimu wa kiangazi, vumbi jekundu limetanda juu ya kila kitu mpaka juu ya karatasi, umeme umekatika na tunasomea mwanga wa simu. Nilimsomea masharti moja moja, naye akawa anayaandika kwenye daftari la mistari, akiyaunganisha kwa mishale kama mchoro wa mtambo. Akakitazama alichokichora, akauliza: "Yaya, juu ya nini Ngoie ajifunze kukimbia, na pigo lenyewe linamuomba asimame?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kijana aliyekaa pembeni yake, ambaye hucheza mganga na huwa haongei sana, akasema tu: "Basi hao walioandika hawakuwahi kuzingirwa."

Maneno hayo yamenifikirisha kuliko mapitio yoyote ya kitabu niliyosoma, maana yanaonyesha pahali sharti linapotakiwa kutoka: ndani ya jambo lenyewe, kwa mtu anayejua jambo hilo linahitaji nini.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nchi hii ya Katanga iliwahi kuwa na mpangilio wa masharti uliofikiriwa kwa kina kuliko kitabu chochote cha michezo ninachokifahamu. Ni chama cha Mbudye, wengine hukiita Bumbudye, kilichotunza historia na miiko ya ufalme wa Waluba. Kiliwapokea wanaume na wanawake. Mwanachama alipanda hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na mafunzo yake: nyimbo, ngoma, majina, miiko, na michoro ya ukutani iliyoonyesha mambo ya mwanzo wa ufalme na makao ya mizimu yake. Wachache sana walifika juu kabisa, na hao ndio walioitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Wao ndio waliokuwa na ruhusa, na zaidi ya ruhusa uwezo, wa kuisoma lukasa.

Lukasa ni kibao cha mti kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja, chembamba katikati na kipana kwenye ncha, kilichopambwa kwa shanga, makombe au michongo. Msomaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukipapasa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akigusa ushanga huu, akifuata mstari ule, na kutoka hapo anasimulia: wafalme, safari, mipaka ya nchi, vyeo vya baraza, siri za madaraka. Thomas Reefe aliandika juu yake mwaka 1977, na Mary Nooter Roberts pamoja na Allen Roberts wakaifanya kiini cha maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba huko New York mwaka 1996. Jambo linalorudi katika maandishi hayo ni kwamba lukasa haisemi jambo moja tu. Wasomaji wawili wenye kibao kilekile wanaweza kutoa masimulizi yanayotofautiana, kulingana na tukio, wasikilizaji na lengo la siku hiyo.

Sasa lete swali letu hapa. Mtu anayejua kugusa ushanga lakini hajui majina ya wafalme, lukasa haimfai kitu. Anayejua majina bila kujua mpangilio wa baraza hawezi kueleza kwa nini ushanga mkubwa umezungukwa na midogo. Anayejua yote hayo lakini hajawahi kusimama mbele ya watu na kuimba hawezi kuyafanya yasikike. Hakuna hatua iliyokuwa ya bure. Ungemtoa mtu chini ukamweka juu kwa upendeleo, asingekuwa na cha kufanya na kibao hicho. Wala isingehitajika amri ya kumzuia: kutojua kwake kungemzuia, na wote waliokuwepo wangeona.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolichukua kwa Mbudye kama mtu wa michezo. Sharti lililo bora linajilinda lenyewe. Kipawa chenyewe, kikiandikwa vizuri, kinaonyesha kinachohitajika ili kitumike, na mstari wa masharti unakuja tu kusema kwa sauti jambo ambalo kila mtu mezani angeligundua.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mfalme mwenye damu ya Mbidi Kiluwe hakuachwa na damu yake peke yake. Yeye na wakubwa wa baraza lake walitakiwa kuingia Mbudye, wafundishwe miiko ileile iliyokuwa na uwezo wa kuyawekea mipaka madaraka yao. Sharti la kuzaliwa lilifungua mlango wa nje, kisha sharti la kujifunza likasimama kwenye mlango wa ndani. Wabunifu wa mwaka 1978 walitegemea zaidi mlango wa kwanza. Wa mwaka 2000 walijenga wa pili, lakini sehemu nyingine waliujenga kwa namba pasipo mafunzo. Paladini wa kweli, kwa maoni yangu, angekuwa na yote mawili: alizaliwa na kitu, na bado kuna watu wanaojua zaidi yake ambao lazima wamkubali.

Mifumo mingine nitaipitia kwa haraka, maana inasaidia kuona upana wa jambo. Traveller ya mwaka 1977 iliweka mafunzo yote kabla ya mchezo kuanza: unarusha dadu kuujua ujana wa mhusika wako, jeshini au kwenye biashara ya safari za nyota, na ujuzi wake unatokana na maisha hayo; katika toleo lile la kwanza angeweza hata kufa kabla hujamchezea. RuneQuest ya mwaka 1978 iliondoa karibu minyororo yote na kuweka kanuni moja ya busara: ujuzi ulioutumia kwa mafanikio ndio unaopata nafasi ya kukua, na kadiri ulivyo mkubwa ndivyo inavyokuwa vigumu kuukuza. Humo tendo lenyewe ndilo sharti. Na katika GURPS ya Steve Jackson, iliyoanza mwaka 1986, uchawi umepangwa kama shule. Anayetaka kurusha mpira wa moto lazima awe na kipaji cha uchawi, ajue kuumba moto na ajue kuupa moto umbo. Na hata hayo yanaanzia kwenye kuwasha moto mdogo tu. Mnyororo huo una hatua nyingi kama ule wa pigo la kuzunguka, lakini hausikiki kuwa mzito, kwa sababu mchawi anaporusha mpira wake anafanya mambo yote hayo kwa pamoja: anauwasha, anauumba, anaupa umbo. Urefu wa mnyororo, basi, si kosa. Mnyororo mrefu wenye viungo hai ni elimu.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lilichoshwa na hesabu na kukata. Vipaji vikawa vya hiari na vingi havikuwa na sharti lolote. Masharti ya sifa yakabaki hasa kwa anayetaka kuchanganya fani mbili, ambapo 13 ndiyo kiwango. Watu wengi walifurahi, na najua kwa nini. Anayeanza hakuhitaji tena kupanga ngazi 6 za mbele kabla ya kurusha dadu ya kwanza. Lakini kitu kilipotea. Mhusika wa ngazi ya 4 alikiokota kipaji cha silaha kubwa kama mtu anayechukua shati rafuni. Jana hakuwa nacho, leo anacho, na hakuna mezani anayejua kilitoka wapi. Masahihisho ya mwaka 2024 yalirudisha kidogo: kipaji hichohicho sasa kinadai ngazi ya 4 na nguvu 13. Mimi hatua hiyo hainitoshi. Imerudisha mlango bila kurudisha mafunzo. Ngazi ya 4 inasema tu kwamba muda umepita.

Sasa nirudi Makomeno, kwa sababu kuna jambo ambalo wabunifu wa huko mbali hawalioni, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Wao huandika wakidhani kila mchezaji ana kitabu chake. Kwetu meza moja ina kitabu kimoja, mara nyingi cha Kiingereza, na wanaokaa kuizunguka wanaongea Kiswahili cha Lubumbashi na Kifaransa. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Katika hali hiyo mnyororo wa masharti ni maarifa yaliyofichwa kwa mtu mmoja. Anayeshika kitabu anajua kwamba ili upate pigo la kuzunguka ngazi ya 6 ulipaswa kuchagua kukwepa mapema. Asiyeshika kitabu anagundua akiwa ngazi ya 5, njia ikiwa imefungwa. Nimewaona wachezaji wazuri wakikunja karatasi zao kwa sababu hiyo, na wasirudi.

Hapo mwendeshaji ana wajibu kwa wenzake. Kwa meza yenye kitabu kimoja, mwenye kitabu ndiye msomaji wa kibao. Akikaa na anachokijua, anageuka mtawala. Akikisema kwa wakati wake, mbele ya wote, anafanya kazi ya watu wa kumbukumbu. Kwa hiyo kwetu tumeweka kanuni: kipawa chochote ambacho mchezaji amekitamani kwa sauti, masharti yake yote husomwa siku hiyohiyo, kwa lugha ya meza, na huandikwa nyuma ya karatasi ya mhusika kwa mkono wa mchezaji mwenyewe. Hakuna sharti linaloruhusiwa kufanya kazi kama halijawahi kusomwa.

Kisha tukaenda mbali zaidi, tukabadili masharti yenyewe. Ngoie alisamehewa vile vipaji vya kukimbia. Badala yake tulikubaliana mambo matatu. Awe amewahi kuzingirwa na maadui watatu au zaidi na kutoka hai. Ampate mtu anayelijua pigo hilo, na mtu huyo akubali kumfundisha. Na awe amelijaribu mara moja kabla ya kulimiliki, katika vita vya kweli, kwa hasara: jaribio likishindwa, maadui wote wanapata nafasi ya kumpiga.

Sharti la kwanza lilitimia kwenye kivuko, msafara ulipovamiwa. Dunia yetu tumeiweka kwenye maziwa na mabwawa ya Upemba, ambako misalaba ya shaba ni fedha na vivuko ni vingi. La pili lilichukua muda mrefu, kwa sababu aliyelijua pigo hilo alikuwa mama mzee wa kijiji cha wavuvi ambaye wanawe wawili waliuawa na watu wa msafara wa namna ileile. Hakumkubali Ngoie kwa sababu ya wepesi 13. Alimuuliza amewahi kumwacha hai nani. Tulitumia karibu jioni nzima kwenye swali hilo, bila dadu hata moja. La tatu lilikuja siku isiyotarajiwa: Ngoie akazunguka, dadu ikagoma, akaanguka na majeraha ambayo mganga wetu mnyamavu alitumia kila alichokuwa nacho kuyafunga. Safari iliyofuata akazunguka tena.

Sisemi kwamba njia hii haina hatari. Sharti la namba lina uadilifu wake: 13 ni 13, kwa rafiki na kwa asiyependwa. Sharti la tukio linapita mikononi mwa mwendeshaji, na mwendeshaji anaweza kupendelea, anaweza kusahau, anaweza kumchelewesha mchezaji mkimya kwa sababu tu yule mwenye sauti kubwa anadai zaidi. Nalijua jaribu hilo kwa karibu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuyaandika matukio mapema na kwa uwazi kama namba zinavyoandikwa, na kumpa mchezaji, si mwendeshaji, haki ya kutangaza kwamba sharti limetimia. Meza nzima inasikia, na anayepinga aeleze. Mara nyingi hakuna anayepinga, maana wote walikuwepo kwenye kivuko.

Namba siziachi zote. Nguvu 13 kwa pigo zito ni sharti la haki: mwili dhaifu hauinui silaha nzito, na mchezaji anaweza kuikuza sifa hiyo kadiri anavyopanda. Vivyo hivyo ngazi ina kazi yake kwenye michezo mirefu, kwa sababu vipawa vikubwa vikija mapema huua hadithi ndogo ndogo ambazo ndizo zinazowafahamisha watu wahusika wao. Ninachokataa ni namba iliyowekwa kwa kuwa nafasi ilikuwa wazi kwenye ukurasa. Akili 13 kwa mtu anayezungusha mkuki: nimelitafutia sharti hilo utetezi kwa moyo safi. Cha karibu zaidi nilichopata ni kwamba kupigana kwa hadhari kunahitaji kuwaza, na kupigana kwa hadhari ni mojawapo ya viungo vya mnyororo. Basi sharti hilo lingebaki kwenye kiungo chake na kumgusa anayekihitaji tu.

Kijana anayemcheza mganga sasa ameomba kipawa cha kuwaita wafu waliokufa bila kuzikwa. Kitabu kinataka ngazi na busara. Tumekubaliana kwamba kwanza atalazimika kumzika mtu asiyemjua, kwa gharama yake mwenyewe, na kujua jina lake. Bado hajampata marehemu huyo, na katika kila mji msafara unapofika ndiye wa kwanza kuuliza habari.